Barua kwa vijana mnaosaini bila kuangalia

Wanangu mlioanza kazi juzi juzi, na nyie mliokaa kazini mpaka mmeshazoea,

Nawaandikia nikiwa na hasira, mtanivumilia. Hivi karibuni niliitwa kupitia makaratasi ya usalama kwenye ofisi moja, sitaitaja, nikafungua faili la ukaguzi wa mitungi ya kuzimia moto. Kila wiki ina tiki, ina tarehe, ina saini, safi kabisa. Ila tiki zote kalamu moja, mkono mmoja, zimelalia upande uleule toka juu mpaka chini, alafu mistari miwili ya mwisho ina tarehe ambazo hazijafika. Kijana kashakagua mitungi ya wiki zijazo! Nikashuka naye kwenye ngazi, mtungi wa kwanza tu mshale umelala kwenye nyekundu, presha hamna, na vumbi juu yake linaonyesha hakuna aliyeugusa siku nyingi. Namuuliza, ananijibu kwa adabu zake zote: "Mzee, hapa ndo tunavyofanya wote, msimamizi anajua."

Hao "wote" ndo wamenifanya niandike. Ukisaini umesema nimeenda, nimeona, mtungi ni mzima. Siku ya moshi kuna mtu atakimbilia mtungi ule, humjui na hakujui, na hana muda wa kuuliza nani alisaini. Msiniambie ni karatasi tu.

Someni habari za Allan McDonald. Alikuwa injinia wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za kukirusha Challenger, chombo cha anga cha Marekani. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986 mainjinia walionya kwamba baridi ya kesho yake itazikakamaza pete za mpira zinazoziba viungo vya roketi, mwanzoni kampuni ikakubaliana nao, NASA, shirika la anga la Marekani, wakabana, wakubwa wa kampuni wakageuka. McDonald akatakiwa asaini karatasi ya kuruhusu safari, akagoma, ikabidi asaini mkubwa wake. Kesho yake chombo kikasambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, watu 7 wote wakafa. Mtasema sasa kugoma kwake kulisaidia nini. Tume ilipokaa kuchunguza, yeye ndo alisimama akasema kilichojadiliwa usiku ule, na aliweza kusema kwa sababu mkono wake haukuwa kwenye ile karatasi. Kazini wakamshusha cheo, wabunge wa Marekani wakaja juu, akarudishwa na akapewa kusimamia kuviunda upya vile viungo. Kwa hiyo gharama ipo, siwafichi.

Na gharama ya upande wa pili ipo pia. Betty Vinson alikuwa mhasibu WorldCom, kampuni ya simu ya Marekani, akaambiwa aingize hesabu zisizo za kweli, moyo ukamkataza, akafikiria kuacha kazi, akabaki, na robo mwaka iliyofuata wakamrudia, na nyingine, na nyingine. Mwaka 2005 akahukumiwa kifungo cha miezi 5. Hakuwa mwizi aliyeamka asubuhi akapanga kuiba, aliambiwa ni mara hii tu. Mwanangu, ukisikia "mara hii tu" kutoka kwa bosi, ujue wakikuzoea watarudi.

Mengine mnayajua, nayataja tu: usipokee zawadi ya mtu anayesubiri uamuzi wako, mambo ya wateja yasifike kwenye magrupu ya wasap, kazi ya mwenzio usiibebe kama yako, ukiharibu sema siku hiyohiyo.

Kukataa kuna namna yake, sio lazima ugombane. Hujakagua? Andika "haikukaguliwa" na sababu, basi. Bosi akikulazimisha kwa mdomo, mwombe kwa heshima akuandikie kwa imeli, wengi hapo hapo wanakumbuka wana kikao.

Alafu nyie wakubwa, msijifiche nyuma ya vijana. Unampa mtu mmoja majengo kibao, masaa hayatoshi, ikifika Ijumaa unataka fomu imejaa, anayeripoti mtungi mbovu unamwita mkorofi na anayejaza tiki unampandisha cheo! Umefundisha nini hapo? Na sisi wazazi tumo, mtoto akipata kazi tunamuuliza mshahara na cheo, ni wangapi tunamuuliza kama analala vizuri?

Najua kuna wanaosoma hapa ambao walikataa na sasa wamehamishwa idara, wenzao hawawasalimii, wanakula peke yao. Wanangu, hilo linaumiza na silipuuzi. Andikeni kwenye daftari zenu tarehe na nani alisema nini, maana kumbukumbu inachanganya mambo haraka, na mkipewa barua ya onyo msiijibu na hasira usiku uleule, ipelekeni kwanza kwa mwanasheria au chama cha wafanyakazi waisome.

Ni mimi mzee wenu.