Ovaloki yako, Mudi, na ile filamu ya basi

Shoga angu Zuhura,

Salaam aleikum. Habari za Maskati, habari za Ruwi, habari za joto. Huku wazima, mama mdogo mguu umepungua, Shani kajifungua wa kike, umeme unakatika wanavyotaka wao. Najua nimekaa kimya tangu Idi na wewe umekaa kimya vilevile, kwa hiyo hakuna wa kumlaumu mwenzie.

Nimeamua kuandika badala ya kukutumia voisi kwa sababu voisi unasikilizaga nusu, af hili nataka ulimalize. Ni habari ya ovaloki yako, ile mashine ya kukata na kufunga pindo. Mudi kanipigia. Ndiyo, Mudi, mdogo wako. Alhamisi usiku, namba ngeni, nikajua ni wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii", nikapokea nimeshakasirika, nasikia "dada Tatu, hujalala?" Yuko Tanga, anashona sare za vikundi vya kina mama, kazi zinamzidi, anaomba ile ovaloki, akodi au alipe kidogo kidogo. Nikamwambia si yangu, nitakuuliza. Kuna na kitu kingine nilimwambia ila ntakifikia, usiruke mistari.

Kusema kweli ingekuwa mwezi jana ningemwambia hapana palepale. Kilichonilegeza ni filamu, cheka tu.

Mwanangu Asia alirudi toka chuo na kompyuta ya mwenzie, akaniambia mama kuna filamu nguo zake zilipata Oscar. Mimi nikisikia Oscar ya nguo nishavuta kiti. Inaitwa The Adventures of Priscilla, Queen of the Desert, ya Australia, ya 1994. Nikajua ni mambo ya malkia na magauni ya kuburuza. Wapi! Priscilla ni basi. Basi bovu, wamelinunua, wamelipa jina kama mtoto. Ndani wako watatu: Tick na Adam, wanaume ambao kazi yao ni kuvaa kike jukwaani, wanajiremba, wanavaa manywele, wanafuatisha nyimbo za watu kwa midomo, na Bernadette, mwanamke mtu mzima aliyezaliwa mwanamume, naye wa kazi hiyohiyo. Wamepata kazi hotelini Alice Springs, katikati kabisa ya jangwa, wanatoka Sydney, kilomita kama 2,800, yaani Dar mpaka Mwanza mara mbili na bado hujafika.

(Asia kaona nakuandikia, kaona nimeanza na "shoga angu" halafu nasimulia habari hizi, kacheka mpaka kakaa chini. Bibi zetu wameitana shoga mpaka wamezikwa, leo ukimwita mwenzio hivyo kwenye daladala watu wanageuka. Mimi siachi neno langu.)

Sasa nguo. Zuhura, kuna gauni la kandambili! Kandambili hizihizi za chooni, za plastiki, wamezipanga mwilini zikawa gauni fupi na masikioni hereni ni kandambili. Nimeirudisha nyuma mara tatu kutafuta wameunganishaje, sindano yangu mimi ingevunjika pale pale. Na kuna mahali Adam kakaa juu ya paa la basi, ndani ya kiatu cha kisigino kikubwa kuliko yeye, kavaa fedha tupu, nyuma yake kitambaa cha fedha kinapepea na upepo wa jangwa, kirefu hakiishi, mimi sikusikia hata wimbo nilikuwa nahesabu majora. Ukikadiria Kariakoo leo mita moja ya kitambaa kile... basi tuache. Waliotengeneza ni Lizzy Gardiner na Tim Chappel, na filamu yenyewe haikuwa na hela, ila Machi 1995 wakazibwaga filamu za kihistoria zenye malkia wa kweli na makoti ya mahameli. Huyo Lizzy akapanda kuchukua tuzo amevaa gauni la kadi za benki, zile American Express za dhahabu, 254! Nikakukumbuka wewe na lile gauni la vocha ulilotaka kumshonea Mwajuma tukakuona umechanganyikiwa. Tukuombe radhi.

Sio kwamba yote niliyapenda. Kuna mke wa fundi gari mmoja, Mfilipino, wamemfanya kama hana akili, wa kuchekwa tu, kelele mwanzo mwisho. Watu wanaotuomba tusiwacheke wao wakamtafuta mgeni wa kumcheka, hapo walinikera. Na kuna utani wa kichupa na ABBA, lile kundi la muziki la Sweden, siuandiki, kuna watoto.

Ila Bernadette jamani. Kaigiza Terence Stamp, yule Mwingereza, kafariki Agosti 2025 akiwa na miaka 87, na hiyo ndo ilikuwa sababu ya Asia kuitafuta. Mwanzo wa filamu katoka kumzika mpenzi wake, kavaa nyeusi, na huo ndo uchungu anaopanda nao basi. Anavyogeuza shingo taratibu, kama bi harusi aliyeelemewa na dhahabu. Halafu Tick, ngoja, unamjua! Ni yule wa miwani meusi kwenye Matrix aliyekuwa anatutisha pale kwa kina Hamisi, Hugo Weaving. Huyohuyo, ndani ya kandambili. Nilipiga kelele jirani akauliza kuna nini.

Wanacheka weee, halafu wanafika mji mmoja, Broken Hill, mji wa migodi, wakiamka basi limeandikwa matusi ubavuni. Hawalifuti, jangwani wanalipaka rangi ya zambarau mpauko. Mbele huko Coober Pedy, kule watu wanachimba vito na wanaishi chini ya ardhi kwa ajili ya joto, Adam akatoka usiku peke yake amevaa kike, walevi wakamgundua wakamkimbiza, wakamkamata. Bernadette akaja taratibu na pochi lake, akampiga mkubwa wao goti pale panapouma. Asia alishangilia. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa kwenye arobaini ya baba yako.

Unakumbuka? Wewe ulikuwa ndani na kina shangazi. Mimi nilikuwa uani na birika la chai, niliona kaka zako walivyolitoa nje begi la Mudi. Lile la kaki. Walilirusha likafunguka, mkasi ukaangukia kwenye majivu, tepu ikajikunjua mpaka kwenye maji ya vyombo. Mudi akainama akaizungusha kidoleni taratibu, sentimita kwa sentimita, kama ana mteja anamsubiri, watu sitini wanamwangalia. Na mimi nikaendelea kumimina chai, Zuhura. Nikauliza nani hajapata.

Miaka yote najiambia yale ni ya familia yenu. Mudi aliyetushonea nguo za harusi wote wawili! Aliyeingia kwenye ngoma na kanga kiunoni bibi mwenyewe akamtunza. Wachekeshaji wakivaa dera kwenye runinga tunawarushia hela, mtoto wetu akitembea anavyotembea tunaona ni balaa. Sijui nasemaje. Sikuambii dini wala sheria, hayo unayajua kuliko mimi na watu huku ni walewale. Nasema tu lile begi.

Nilisahau kukwambia kwanini wanaenda Alice Springs. Tick ana mtoto. Ana mke kule, hawaishi pamoja, ndiye anayeiendesha ile hoteli, na mtoto wa kiume hajawa naye miaka. Njia nzima anaogopa mtoto atamwonaje. Siku ya onyesho anamwona mtoto kakaa anaangalia, anaanguka jukwaani kama gunia. Kesho yake anajitia uanaume, nguo za ng'ombe, sauti nzito, mtoto anamwangalia tu. Baadaye mtoto anamuuliza kama wakirudi Sydney atakuwa na mpenzi wa kiume, na kama atamfanyia lile onyesho la ABBA. Basi. Kumbe alikuwa anajua zamani, kaambiwa na mama yake. Kilomita zote zile za hofu, mwenzie anasubiri nyimbo.

Hapo Mudi alikuwa hajanipigia bado. Akapiga siku nne baadaye, ndo maana nikashindwa kusema hapana.

Na lile jingine nililomwambia ni hili. Kabla ya kukata akauliza, sauti ya chini, "dada ananiulizia?" Nikasema ndiyo, kila siku. Limenitoka tu. Akanyamaza mpaka nikadhani salio limeisha, akasema "haya, msalimie."

Eti lile basi lenyewe lilipotea miaka, watu wanalitafuta, mwaka 2024 ndo wakatangaza limepatikana kwenye shamba la mtu huko New South Wales, limeoza, wanataka kulitengeneza liwekwe makumbusho. Sijui kwanini nakwambia. Ovaloki yako nayo ina kutu mguuni lakini juzi nimeipaka mafuta nikaijaribu, inakata vizuri, meza tu inayumba.

Sasa nijibu. Nimpe au nisimpe? Kama ni kukodi unataka shilingi ngapi, au nimwambie ni yake? Nipeleke mwenyewe Tanga au niiweke kwenye basi na risiti? Kaka zako wakiuliza iko wapi niseme imeharibika? Namba yako nimpe? Ile ya zamani bado inapatikana WhatsApp au umebadilisha? Na huko bado unashona abaya au ndo umehamishwa kwenye kukata? Mume wako kashaacha kukasirika kuhusu ile safari?

Usinijibu kwa emoji. Na ukiamua hapana niambie mapema, ila ujue itabidi umpigie wewe umwambie, maana mimi nishamwambia unamuulizia kila siku.

Wako,
Tatu

Kandambili nimenunua jozi sita kujaribu. Asia anasema niache.