Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ufizi Unaozunguka Kipandikizi cha Jino

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati yenu iliamua kuelekeza sehemu kubwa ya mafunzo kwenye ufizi unaozunguka kipandikizi, yaani skrubu ya madini ya titani inayopandwa kwenye mfupa wa taya badala ya mzizi wa jino, kwa sababu tangu Per-Ingvar Brånemark, mwanzilishi wa vipandikizi hivyo, alipomtibu kwa njia hiyo mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965 huko Göteborg, Sweden, fani yetu imehangaikia zaidi mfupa, na ufizi unaoufunika tumeuachia bahati.

Jino la asili hushikwa na nyuzi za kolajeni (protini inayoshikilia tishu za mwili) zilizojikita kwenye mzizi wake, ilhali kwenye kipandikizi nyuzi hizo hupita kandokando ya titani bila kujikita, na damu inayofika hapo ni haba. Ndiyo maana ufizi mwembamba unaochezacheza humuuma mgonjwa anapopiga mswaki, naye akishaumia huacha kupasafisha, utando wa bakteria ukajijenga na uvimbe ukafuata. Wataalamu wengi hutaka pawepo angalau milimita 2 za ufizi mgumu usiotembea; mjadala kuhusu kipimo hicho haujafungwa, lakini mimi sijajuta kukifuata.

Nilijifunza haya kwa gharama ya mgonjwa wangu mwenyewe. Mama mmoja niliyempandikizia jino la mbele alirudi akicheka huku amefunika mdomo kwa kiganja, kwani rangi ya kijivu ya titani ilionekana kupitia ufizi wake, ambao sikuupima unene kabla ya kutoboa mfupa. Ilibidi tumkate kipande chembamba cha tishu unganishi, ile nyama yenye nyuzi iliyo chini ya ngozi ya juu ya kinywa, kwenye kaakaa, usawa wa premola (meno yaliyo kati ya chonge na magego), tukijihadhari na ateri kubwa ipitayo hapo, kisha tukakipenyeza chini ya ufizi na kukishona kisitikisike hata kidogo, maana siku za mwanzo kipande hicho hakina mishipa yake, huishi kwa majimaji yanayokizunguka. Kidonda cha kaakaa kilimtesa kuliko cha mbele.

Zipo tando za kolajeni zinazouzwa ili zitumike badala ya kipande cha kaakaa na kuepuka kidonda hicho. Nyingi hutokana na nguruwe, na kwetu pwani ni lazima mgonjwa aelezwe hivyo waziwazi kabla ya kutia saini fomu ya ridhaa. Kumficha ni kumdhulumu.

Hesabu za chama atazisoma mweka hazina. Kwa upande wangu naomba kuanzia kikao kijacho kila mwanachama anayeleta kisa cha kipandikizi aje na kipimo cha unene wa ufizi kilichochukuliwa kabla ya upasuaji.