Barua ya wazi kwa vijana mnaonigongea dirisha la duka la dawa usiku

Wanangu wa Tandika, Yombo, Mtoni na kokote mlipo, shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Ila leo sina utani na mtu.

Juzi nimeshaanza kufunga duka kaja kijana kavaa kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, eti mama kuna rafiki yangu akikojoa anasikia moto na anatoka usaha, nipe sipro, zile antibayotiki, za elfu mbili. Huyu "rafiki yangu" jamani anaumwa kila wiki hapa dukani na hajawahi kuja mwenyewe hata siku moja. Nikamwambia sikuuzii, mwambie rafiki yako asubuhi aende hospitali ya Temeke wampime. Kaondoka amenuna, kaenda duka la pili, wakamuuzia, kesho yake anapita mbele ya baraza langu ananionyesha pakti.

Sasa ngojeni niwaambie mpaka iwaingie. Usaha ule mara nyingi ni kisonono, hiyo gono yenu, na sipro kwa gono siku hizi ni kubahatisha tu maana vijidudu vimeshaizoea, Shirika la Afya Duniani lenyewe toka 2016 haliipendekezi tena. Inayotumika sana sasa ni sindano, na sindano haichomwi dirishani kwangu. Halafu hata ingekuwa inatibu, nyie mnanunua nusu dozi! Vidonge vinne, moto ukipoa kidogo kimoja anapelekewa dada wa watu, "na wewe meza hiki." Kimoja! Na mwanamke ndo balaa lenyewe, kwa sababu gono na klamidia, ugonjwa mwingine wa zinaa, kwake mara nyingi hazina dalili, hawashwi, hatoki kitu, anajua yuko salama kumbe ugonjwa unapanda taratibu kwenye mirija ya uzazi, miaka inapita kaolewa anatafuta mtoto hapati, au mimba inatunga nje ya kizazi anakimbizwa usiku kufanyiwa operesheni, na mawifi wanasema karogwa. Wewe wa sipro saa hizo uko wapi? Uko Chanika na mke mwingine, umenenepa.

Na hawa wa mtandaoni nao. Wanatangaza unga wa kutibu "UTI sugu na PID", yaani maambukizi ya njia ya mkojo na ya kizazi, picha za kutisha kwenye magrupu ya WhatsApp, dozi laki na nusu, boda anakuletea mpaka mlangoni. Binti wa jirani hapa kauza simu yake kununua hayo mambo, kanywa, kajifukiza, kaweka na vitu huko chini mpaka kachubuka, anatembea anachechemea, na katika wote waliokula hela yake hakuna aliyemwambia hata lete mkojo tuupime. Nikamuuliza kwa nini hukwenda zahanati? Jibu lake ndo limenikalisha chini niandike hii barua, maana alienda. Kafika, nesi akamuuliza kwa sauti foleni nzima inasikia, "na umri huo umeshaanza?" Watu wakageuka kumtazama, mtoto katoka mbio na hajarudi tena.

Kwa hiyo nusu ya hasira yangu si yenu. Nyie wahudumu, huduma rafiki kwa vijana mnaenda kuzifanyia semina kila leo, posho mnachukua, bango mnabandika ukutani, halafu chini ya bango hilo hilo mnamuumbua mtoto wa mwenzenu. Na sisi wazazi tumekaa kimya tunajifanya watoto wetu hawana miili. Watu wanapenda kusema eti zamani unyagoni tulifundwa, sawa tulifundwa, lakini mimi nilikuwepo, tulifundwa kumpendeza mume, gono hakuitaja kungwi hata mmoja.

Basi ukitukanwa kituo kimoja nenda kingine, hakuna anayekulazimisha utibiwe kata yako. Unaogopa mama mdogo atakuona Temeke? Panda daladala nenda hospitali ya Mwananyamala au Amana, huko hakuna anayekujua. Mapokezi hudaiwi maelezo, sema nataka kumuona daktari, yanatosha, mengine utayasema mlango ukishafungwa. Kama una miaka 15 kwenda juu unaruhusiwa kupima VVU bila ruhusa ya mzazi, sheria ilibadilishwa 2019, mtu asikurudishe eti kalete baba. Uzazi wa mpango vituo vya serikali ni bure. ARV, dawa za wanaoishi na VVU, ni bure. UMATI, chama cha uzazi na malezi bora, wapo toka 1959, hawatashangaa swali lako. Marie Stopes, nao wa uzazi wa mpango, wapo Mwenge. Simu 116 ni ya watoto na 199 ni ya Wizara ya Afya, zote hazikati salio. Mwenye mimba shuleni, toka Novemba 2021 serikali imesema anarudi darasani akishajifungua, msikubali kufichwa kijijini kwa bibi.

Mabinti wa P2, vile vidonge vya kuzuia mimba, kila Jumatatu asubuhi nawaona. Ile ni ya dharura, ndani ya siku 3 na kadiri unavyowahi ndo inavyosaidia, kazi yake ni kuchelewesha yai, sasa yai kama limeshatoka umekula hela bure, na VVU wala gono haizuii. Kama unaimeza kila wiki mwanangu wewe unataka vijiti au sindano ya miezi 3, nenda ukaongee na nesi wa uzazi wa mpango, na kondomu juu yake.

Kondomu ikipasuka na mwenzio hujui hali yake, kuna dawa ya kuzuia VVU inaitwa PEP. Unaianza ndani ya saa 72, unaimeza siku 28. Iko hospitali, kwangu haipo, msije kunigongea.

Na aliyebakwa, mwanamke au mwanaume, ni saa hizo hizo 72. Usioge, usifue nguo, nenda hospitali. Pale Amana kuna kituo cha Mkono kwa Mkono, daktari, polisi na ustawi wa jamii wako sehemu moja, huzungushwi. Hapa naomba wazazi mnisikilize: mnamfungia mtoto ndani mnaita kikao cha familia, mjomba asubiriwe atoke Morogoro, myamalize kimya kimya kwa sababu aliyefanya ni ndugu, mjomba anafika siku ya nne. PEP ya siku ya nne haipo. Mtoto mpelekeni kwanza, mjomba atakuta.

Wadogo zenu wa kike wa miaka 9 mpaka 14 wapelekeni chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, siku hizi ni dozi moja tu na ni bure, hayo maneno ya kwamba inafunga uzazi ni uongo.

Mwisho, mkitibiwa mtibiwe wote wawili, mmalize dawa, na mkae siku 7 bila kukutana kimwili baada ya matibabu, la sivyo mtaambukizana upya na kurudi foleni. Msije kwangu kuomba "ya kuongezea nguvu", kwangu mtauziwa panadol na pampasi.

Ni mimi mama yenu wa duka la dawa, Tandika.