Mwanangu, usininyamazie

Newala, 28 Julai

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Huku tu wazima, ila kikohozi cha baba yako kimerudi tangu tuanze kuipulizia mikorosho dawa ya salfa, na mwaka huu tena amekataa kufunga kitambaa puani. Mdogo wako anapanda basi la Alhamisi. Yeye ndiye atakayekukabidhi barua hii pamoja na furushi, kabla hujaondoka kwenda Marekani kusomea uzamivu, huo udaktari wako wa uchumi. Ningeweza kukupigia, lakini kwenye simu huwa unaniambia "sawa mama" na maneno yanaishia hapo.

Juzi kaka yako alinisomea habari za utafiti uliofanywa huko Marekani juu ya wanafunzi wa uzamivu wa uchumi, katika idara nane za vyuo vikubwa. Ulitoka 2018. Katika kila wanafunzi 100, 18 walikuwa na dalili za sonona au za wasiwasi, za kiasi cha kati au kali. Nikamwambia arudie. Akarudia. Mimi nimekaa na mizani ya chama cha msingi cha wakulima miaka 19, naijua 18 katika 100. Ukiletewa gunia la kilo 100 na ndani yake kilo 18 zimeharibika, hulipokei ghalani, unamwita mwenyewe mkae chini mzungumze. Usiku ule usingizi haukuja. Nilikuwa nalipigia hesabu darasa lenu: kama mko 20, ni watatu au wanne. Nikajiuliza watakuwa akina nani, na kila nilipojiuliza niliiona sura yako.

Maana wewe husemi.

Mwaka juzi uliomba vyuo saba, vyote vikakukataa. Mimi nilijua baada ya miezi minane, tena kwa mama yako mdogo. Miezi minane yote hiyo ulikuwa unanipigia kila Ijumaa kuniuliza mikorosho imechanua vipi, nami nakueleza maua ya mikorosho, na wewe una barua saba za kukataliwa ndani ya moyo. Siku niliyojua sikukulaumu. Leo nakulaumu. Kunyimwa chuo ni jambo la kawaida, na mwaka uliofuata ukapata. Lakini kumwacha mama yako acheke kwenye simu wakati wewe unalia, hilo halikuwa sawa.

Najua tabia hii ilianzia wapi. Ni yale matokeo ya hisabati ya kidato cha pili, na yale yaliyosemwa barazani shangazi zako wakiwa wamekaa. Mtoto akisemwa hivyo mbele ya watu, karatasi inayofuata anaikunja na kuificha chini ya godoro. Niliikuta wakati wa kuanika magodoro. Niliirudisha pale pale, na sikukuambia kitu. Tuyaache hayo.

Uliniambia mwaka wa kwanza mtasoma uchumi mdogo, uchumi mkubwa na ile ekonometriki, hesabu za takwimu za uchumi, halafu mwishoni mwa mwaka kuna mtihani mzito. Anayeanguka hupewa nafasi ya pili, na akianguka tena huenda safari yake ikaishia kwenye shahada ya uzamili akarudi nyumbani. Sasa nakwambia mapema: ukianguka mtihani huo, niambie siku ile ile. Usisubiri wa pili. Usingoje upate la kuniliwaza. Niambie ukiwa bado unatetemeka. Nyumba hii ina chumba chako na kitanda chako, na mama yako sasa hivi anajua kunyamaza pale panapotakiwa kunyamaza.

Uliponitajia wenzako utakaosoma nao nilisikiliza zaidi ya ulivyodhani. Mmoja kasoma hisabati tupu, mwingine uhandisi, yule wa tatu katoka benki kuu ya nchi yao, na yule binti amekuwa miaka miwili akiwasaidia maprofesa kuchambua takwimu. Ukanieleza na wanachotaka kuchunguza: mishahara, kodi, wahamiaji, bei za nyumba mijini. Halafu ukasema, "na mimi korosho," kwa sauti ndogo kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Sauti ile sikuipenda. Wewe umesoma uchumi wa kilimo Chuo Kikuu cha Sokoine, SUA, ukaenda Pretoria ukakaa darasa moja na Waafrika wa nchi nyingine na hukuwa wa mwisho, ukarudi ukatembea Newala na Tandahimba kwa miguu na dodoso mkononi. Huyo wa hisabati tupu hajawahi kuona mnada wa korosho. Hajui kwamba mkulima anapeleka mzigo chamani Oktoba, anapewa karatasi, mzigo unakwenda ghala kuu, wanunuzi wanatoa bei zao, na yeye anarudi nyumbani kusubiri fedha iingie benki, hajui ni wiki ngapi.

Na wewe mwenyewe ndiye uliyenisimulia habari za yule mama wa Kimarekani, Elinor Ostrom, aliyetaka kusoma uzamivu wa uchumi akakataliwa kwa sababu hisabati yake ilikuwa haitoshi. Akaenda kusomea siasa, akachunguza wavuvi na watu wanaochangia maji na misitu wanavyojitungia sheria zao wenyewe, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupewa Nobel ya uchumi. Ulinisimulia ukiwa umesimama mlangoni na ungo mkononi. Sidhani ulikuwa unanisimulia mimi. Ulikuwa unajisimulia. Endelea kujisimulia huko. Na marehemu Profesa Ndulu alitoka Tanzania hii hii, akapata uzamivu wake Northwestern, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, na baadaye akawa gavana wa Benki Kuu yetu miaka kumi.

Kuhusu korosho kuna jambo lingine, na nimelizunguka tangu nianze kuandika.

Ulipokuwa unalijaribu dodoso lako ulianza na mimi, jikoni. Ukaniuliza kwa ile sauti yako ya kiofisi: je, kaya hii imewahi kuuza korosho kwa kangomba, yaani kwa mlanguzi anayepima kwa bakuli nje ya chama? Nikakujibu hapana, ukaweka alama kwenye kisanduku, tukaenda swali linalofuata. Ile alama ibadilishe. Mwaka uliokwenda kidato cha tano, Julai, nauli na sare na godoro la bweni vilitakiwa kwa wiki moja, na mikorosho ndiyo kwanza ilikuwa inatoa maua. Mtu alikuja usiku akaniachia fedha. Oktoba akarudi na bakuli lake. Unajua wanavyopima: wanajaza mpaka kunasimama kichuguu juu ya mdomo wa bakuli, na kichuguu hicho hakuna anayekulipa. Alichota yeye, nikashika taa mimi. Mchana wake nilikuwa kwenye mizani nikiwaambia wakulima wasikubali kangomba.

Ningesema nini mbele yako? Karani wa mizani. Na wewe ulikuwa umevaa ile beji.

Basi nakuomba ulitumie hili katika utafiti wako, kwa sababu wenye majibu kama langu ni wengi, nimewaona mimi. Usimuulize mtu kama ameuza kangomba, atakwambia hapana akikutazama machoni. Muulize ni mwezi gani fedha iliisha ndani. Muulize ada ya mtoto aliipata wapi, na nani alikuja kumtembelea kabla ya msimu. Atakueleza yote mwenyewe, na wewe utajua. Hao maprofesa wako wana kompyuta, lakini hili hawawezi kulikuta ndani ya kompyuta.

Katika utafiti ule ule, kaka yako alinisomea kwamba ni 26 tu katika 100 waliosema wanaiona kazi yao ina manufaa muda wote au mara nyingi. Hapo nilisikitika zaidi ya pale pa mwanzo. Kuna siku utakaa mbele ya hesabu zako huko, nje theluji, na utajiuliza inamsaidia nani. Siku hiyo mkumbuke bibi wa kule bondeni. Kila msimu huja na stakabadhi yake ameifunga kwenye pindo la kanga. Anafungua fundo, ananyoosha karatasi gotini kwa kiganja, ananipa nimsomee makato: huu ushuru, hii usafirishaji, haya magunia, hiki cha chama. Nikimaliza huniuliza swali lile lile kila mwaka, "kwa hiyo iliyobaki ni haki yangu yote?" Na mimi, kwa miaka 19, sijawahi kuwa na hakika ya kumjibu. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani ulianza kwetu 2007 na mpaka leo watu wanaugombania, wapo wanaosema umewakomboa na wapo wanaosema umewachelewesha. Nenda ukaujue. Ukipata jibu nitampelekea mimi mwenyewe.

Lakini ukichoka, ukaona huwezi, usije ukavumilia kwa ajili ya huyo bibi, wala kwa ajili yangu, wala kwa sababu baba yako ameshatangaza msikitini. Ndiyo, ametangaza. Wanamuuliza daktari wa nini, anawajibu, "wa korosho." Anajivuna kuliko anavyokuonyesha. Hata hivyo ukirudi kabla ya hiyo miaka mitano au sita kwisha, ni baba yako huyo huyo. Nimemuuliza nikiwa sina utani, akasema atakufuata mwenyewe uwanja wa ndege. Mtafute mtu wa ushauri nasaha wa hapo chuoni wiki ya kwanza, wakati ungali mzima, umjue sura na mlango wake. Usisubiri mpaka miguu ikatae kukupeleka.

Posho watakayokupa ni ya kula na kulipia chumba. Usitume hela mwaka wa kwanza. Bati la jiko tutaliezeka baada ya mnada, na deni la mdogo wako halikuhusu, hata akikupigia. Atakupigia.

Vyeti vyako halisi viko kwenye furushi, ndani ya kile kifuko cha nailoni, na vivuli vyake nimebaki navyo kwenye sanduku la bati. Nimekuwekea korosho za kukaanga kilo mbili, ila nasikia uwanja wa ndege wanaweza kukagua vyakula, kwa hiyo zitangaze usifiche. Ming'oko usiibebe, ile kuleni hapo kwa mama mdogo. Kanga ile ya kijani ni ya bibi yako, ya kujifunika, usiikate kushona chochote. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Tumemuuza yule beberu mkorofi, ndiyo sababu ya koti utakalolikuta kwenye furushi.

Mdogo wako ameniangalizia saa. Saa 2 usiku ya huku Jumapili itakuwa saa 7 mchana ya huko, na wakibadilisha saa zao Novemba itakuwa saa 6. Mtandao unashika chini ya mwembe tu, kwa hiyo nitatoa mkeka nikae hapo kila Jumapili kuanzia hiyo saa 2. Ukiwa na habari nzuri, piga. Ukiwa huna cha kusema, piga vivyo hivyo, tutakaa kimya wote wawili na nitausikia upumuaji wako.

Mama yako