Kipya kinyemi, ila albamu ya klasiki ina mambo yake

Mhariri,

Magazeti yanapotangaza albamu mpya ya muziki wa klasiki, mara nyingi hutaja mtunzi na jina la kazi, basi. "Simfoni ya Tano ya Beethoven imetoka upya." Msomaji anaachwa hana pa kushika. Simfoni hiyo imerekodiwa mara zisizohesabika, na rekodi mbili za kazi moja zinaweza kuachana kama mbingu na ardhi. Mtunzi alishakufa, noti zake zimo kitabuni, kila mtu anazo. Mpenzi wa muziki huu anachokifuata sokoni ni mpigaji, okestra, kondakta, ukumbi na mwaka wa kurekodiwa. Naomba safu yako ya albamu iyataje hayo matano kila mara, hata kama nafasi ni ya mistari mitatu. Na kwa kuwa lawama tupu hazimfai mtu, nataja hapa rekodi chache za miaka ya karibuni zinazostahili sikio, pamoja na mambo yanayoziharibu zikishafika kwenye simu.

Nianze na Bach. Kazi yake ya kinanda iitwayo Goldberg Variations, BWV 988 (namba yake katika orodha ya kazi za Bach), ina aria moja, yaani kipande kifupi chenye kuimbika, kisha namna 30 (variations) zilizojengwa juu ya besi, yaani sauti za chini, za aria hiyo, kisha aria yenyewe inarudi mwishoni. Vipande 32. Víkingur Ólafsson, mpiga piano wa Iceland, aliitoa kupitia kampuni ya rekodi ya Deutsche Grammophon Oktoba 2023, na mwaka 2025 ikampatia tuzo ya Grammy. Ushauri wangu: usiisikilize peke yake. Iweke kando ya ile ya Glenn Gould, mpiga piano wa Kanada, iliyorekodiwa New York mwaka 1955. Gould anamaliza kazi nzima kwa dakika 38 na ushei. Ólafsson anapita dakika 70. Hesabu hiyo isikudanganye ukadhani mmoja anapiga mara mbili haraka kuliko mwenzake. Gould ni mwepesi kweli, lakini sababu kubwa ni kwamba Bach aliagiza kila nusu ya kipande irudiwe, Gould akayaruka marudio, Ólafsson akayapiga. Na hapo ndipo utamu wa rekodi mpya ulipo: nusu inaporudi, uzito wa vidole unahama, na sauti iliyokuwa imejificha chini mara ya kwanza inapanda juu.

Anayetaka kupima haraka asikilize aria, kisha namna ya 1, kisha aruke hadi ya 25. Hiyo ya 25 ni ya polepole, ya ufunguo mdogo (minor), wenye huzuni, ndefu kuliko zote, na mpigaji asiye na pumzi huilaza ikafa. Gould mwenyewe aliirekodi kazi hii tena mwaka 1981, safari hii kwa dakika 51. Rekodi hiyo ilifanywa kwa mitambo ya kidijitali ya wakati ule, ambayo ilikuwa michanga, lakini kanda za kawaida zilikuwa zikizunguka pembeni kama akiba. Mwaka 2002 kanda hizo ndizo zilizotumika katika toleo la A State of Wonder lenye rekodi zote mbili, za 1955 na 1981. Ukisikia mtu anaimba puani nyuma ya piano, simu yako ni nzima. Ni Gould huyo. Alikuwa hawezi kujizuia.

Kwa Chopin, rekodi ya kuanzia sasa ni ya Yunchan Lim wa Korea Kusini, aliyeshinda mashindano ya piano ya Van Cliburn mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 18. Albamu yake ya etyudi 24, yaani Opus 10 na Opus 25 (Opus ni namba ya kazi ya mtunzi), ilitolewa na kampuni ya Decca Aprili 2024. Etyudi ni zoezi, kila moja na tatizo lake. Ya pili katika Opus 10 inavibebesha vidole vitatu dhaifu vya mkono wa kulia ngazi ya nusu-toni huku vidole viwili vilivyobaki vikigonga akodi fupi, yaani noti kadhaa kwa pamoja. Ya sita katika Opus 25 ni noti pacha zinazokimbia pamoja. Rekodi nyingi hukupa zoezi lililofanywa sawasawa ukaishia hapo. Lim anaimba, hasa kwa mkono wa kushoto, ambao wengi huuacha uwe mbeba mizigo. Anayependa usafi usio na hisia nyingi ana rekodi ya Maurizio Pollini ya mwaka 1972, ngumu kama jiwe na nzuri hivyohivyo.

Fidla peke yake humchosha msikilizaji mgeni, kwa hiyo hapa kuna njia ya kuingilia. Eugène Ysaÿe aliandika sonata sita za fidla bila kusindikizwa mwaka 1923, Opus 27, kila moja akimtunuku mpiga fidla mwingine wa zama zake. Mpiga fidla Hilary Hahn alizitoa zote mwaka 2023, karne moja kamili baadaye. Mwalimu wake, Jascha Brodsky, alikuwa mwanafunzi wa Ysaÿe, kwa hiyo mkono huu umerithishwa. Anza na ya tatu: ni sehemu moja tu, haifiki dakika kumi. Kisha rudi kwenye ya pili, ambayo inaanza kwa kumnukuu Bach neno kwa neno, inakatika ghafla, inanukuu tena, halafu inaingiza wimbo wa kale wa kanisa wa siku ya hukumu, Dies irae. Hahn hafichi sauti ya upinde ukiuma uzi, na maikrofoni zimesogezwa karibu kiasi cha kuisikia. Wapo watakaosema ni karibu mno.

Mtunzi Florence Price nisimpite. Simfoni yake ya Kwanza, katika E ndogo (E minor), ilipigwa na Chicago Symphony Orchestra mwaka 1933 chini ya Frederick Stock. Alikuwa mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kupigiwa simfoni na okestra kubwa ya Marekani. Kisha akasahaulika. Mwaka 2009 marundo ya miswada yake yalikutwa katika nyumba iliyotelekezwa huko St. Anne, Illinois. Rekodi ya kutafuta ni ya Philadelphia Orchestra ikiongozwa na Yannick Nézet-Séguin, yenye simfoni ya 1 na ya 3, iliyotolewa mwaka 2021 na kushinda Grammy mwaka uliofuata. Sikiliza kwanza sehemu ya tatu ya Simfoni ya Kwanza, Juba, ngoma ya watumwa waliopiga mapaja na vifua. Okestra ikiipiga kwa adabu nyingi inakufa. Hawa wanaicheza.

Selo inatupa jozi nzuri ya kulinganisha, kwa sababu okestra ni ileile. Jacqueline du Pré alirekodi konseto ya Elgar, yaani kazi ya selo na okestra, Agosti 1965, ana miaka 20, na London Symphony Orchestra chini ya John Barbirolli. Sheku Kanneh-Mason aliitoa mwaka 2020 na London Symphony hiyohiyo chini ya Simon Rattle. Konseto inafunguka kwa akodi nne za selo peke yake. Du Pré anazirusha kama mtu aliyepokea habari mbaya mlangoni. Kanneh-Mason anazisema kwa sauti ya ndani, kama mtu aliyekwisha kuzipokea. Sekunde 30 za mwanzo zinatosha kujua wewe ni wa upande gani.

Jambo jingine kuhusu rekodi ile ya 1965: ilifanywa Kingsway Hall, London, ukumbi uliopendwa na mafundi wa sauti kwa mwangwi wake, ingawa treni za chini ya ardhi zilipita jirani. Ngurumo zake zimo katika rekodi kadhaa za ukumbi ule. Wenye spika kubwa huzisikia na kudhani spika zimeharibika. Ndiyo maana nasema ukumbi utajwe.

Sasa mitego ya sokoni. Neno "mpya" kwenye tangazo huweza kumaanisha kanda ya zamani iliyosafishwa. Tazama chini ya jalada, au mwisho wa ukurasa wa albamu kwenye programu ya muziki, utafute herufi P ndani ya duara: hiyo ni ya haki ya sauti iliyorekodiwa, na mwaka wake hukusogeza karibu na ukweli. Herufi C ndani ya duara ni ya picha na maandishi ya jalada. Mwaka wake hausemi lolote kuhusu muziki. Rekodi ya zamani si aibu. Ya kondakta Carlos Kleiber na Vienna Philharmonic ya Simfoni ya Tano ya Beethoven, iliyorekodiwa 1974, bado ndiyo kipimo ambacho kila mpya hupimwa nacho. Aibu ni kuuziwa ya zamani kwa jina la mpya.

Katika kutafuta, usiandike jina la mtunzi peke yake. Programu nyingi zilitengenezwa kwa nyimbo za dakika tatu, hivyo zitakuletea mkusanyiko wa "muziki wa kutuliza" wenye sehemu ya pili tu, iliyong'olewa katika kazi yake. Andika namba ya orodha: BWV kwa Bach, K kwa Mozart, D kwa Schubert, Opus kwa wengi wengineo. K. 550 ni Simfoni ya 40 ya Mozart na si nyingine. Ongeza jina la kondakta au mpigaji, kisha hakikisha sehemu zote zimo: simfoni nyingi zina nne, konseto nyingi tatu.

Kisha fungua mipangilio kabla ya kubonyeza kitufe cha kupiga. Zima uchanganyaji wa nyimbo. Zima ile kazi inayofifisha mwisho wa wimbo na kuupandisha unaofuata juu yake. Washa upigaji usio na mwanya. Katika Simfoni ya Tano ya Beethoven sehemu ya tatu inaingia ya nne bila kusimama: minong'ono, timpani (ngoma kubwa za okestra) chinichini, halafu okestra inalipuka. Mwanya wa sekunde moja hapo ni sawa na kumkata mtu kauli kwenye neno la mwisho. Konseto ya fidla ya Mendelssohn nayo imeungwa sehemu zake zote tatu. Na mwishoni mwa Simfoni ya Tano ya Sibelius, katika mfululizo wa simfoni zake zote uliorekodiwa na kondakta Klaus Mäkelä na Oslo Philharmonic na kutolewa 2022, kuna akodi sita zilizotenganishwa na ukimya. Ukimya huo umeandikwa. Wengi huugusa mwambaa wa simu wakidhani wimbo umekwama.

Zima pia usawazishaji wa sauti, au uweke kwenye hali ya albamu. Ukiwa umewashwa kwa kila wimbo, sehemu ya polepole itapandishwa hadi ilingane na sehemu ya kishindo, na kazi nzima itakuwa tambarare. Kosa la msikilizaji ni lilelile kwa mkono: anaanza Simfoni ya Sita ya Tchaikovsky, hasikii mwanzo, anaongeza sauti. Katika sehemu ya kwanza mtunzi ameandika herufi sita za p, yaani chini kabisa, na papo hapo okestra nzima inapiga kishindo. Tafuta kwanza mahali penye kishindo, weka sauti unayoistahimili hapo, halafu rudi mwanzo na uisogelee spika.

Spika ya simu haitoshi. Noti ya chini kabisa ya selo ni kama hezi 65 (mitetemo kwa sekunde), ya besi kubwa kama 41, ya piano 27.5, spika ndogo ya simu haifiki huko, kwa hiyo unabakiwa na nusu ya juu ya okestra na unajaziliza kwa kubuni. Iyafoni za waya, hata za kawaida, zinashinda spika moja ya bluetuthi, kwa sababu spika moja huchanganya kushoto na kulia na kuondoa mpangilio wa wapigaji: kwa kawaida fidla za kwanza ziko kushoto, besi kulia. Kitufe cha kuongeza besi kiache. Kinavimbisha timpani na kuwafunika wapuliza zumari.

Kuhusu bando: saa moja kwa kilobiti 96 kwa sekunde ni megabaiti 43 hivi, kwa kilobiti 320 ni 144, na kwa ubora kamili wa sidii uliobanwa bila hasara ni kati ya 250 na 400 kutegemea muziki. Piano peke yake huvumilia kilobiti 320 vizuri. Viwango vya chini huonyesha ubovu wao kwanza kwenye matoazi, makofi na kwaya kubwa, ambako sauti huwa kama maji yanayochuruzika. Pakua kwa Wi-Fi, sikiliza baadaye.

Na mtu akinunua rekodi ya Bach iliyopigwa kwa vyombo vya kale, akaona iko chini nusu-toni kuliko piano yake, asiirudishe dukani. Vyombo hivyo hufungwa noti ya A kwa hezi 415 badala ya 440, na nyuzi za fidla ni za utumbo. Hilo nalo, Mhariri, linaingia katika mistari mitatu.

Msomaji wako