Barua ya wazi kwa Kiongozi wa Wengi wa Seneti ya Marekani: upigieni kura muswada wa Washington

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Takoma, mtaa ulio kaskazini mwa mji huu ambao wewe unafanyia kazi na mimi ninaishi. Nikipanda treni ya Laini Nyekundu hapa kwetu, kituo cha tano ni Union Station, na kutoka hapo ni mwendo mfupi wa miguu hadi kwenye ngazi za jengo la Bunge. Nimekaa mji huu tangu mwaka 2001, niliapishwa kuwa raia wa Marekani mwaka 2010, na kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapikia na kuwapa dawa kwa saa zake. Sijawahi kumwandikia kiongozi yeyote wa Seneti. Leo naandika kwa sababu ya jambo lililonipata wiki iliyopita, ambalo limenimalizia subira.

Nilipiga simu kwenye ofisi ya seneta mmoja, ambayo sitaitaja, kuuliza msimamo wake juu ya muswada wa kuifanya Washington kuwa jimbo kamili. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu. Aliniuliza jina, nikampa. Akaniuliza namba ya posta, nikamtajia 20012. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Samahani, mama, tunapokea maoni ya wakazi wa jimbo letu tu. Tafadhali wasiliana na ofisi ya seneta wako." Nikamwuliza, "Seneta wangu mimi ni nani, mwanangu?" Akanyamaza tena, mara hii kwa muda mrefu zaidi, halafu akanitakia siku njema na simu ikakatika. Simlaumu, kwa sababu swali langu halikuwa na jibu, na wa kulitafutia jibu si yeye bali ni wewe, Mheshimiwa, na wenzako 99.

Barua hii nimeiandika kwa Kiswahili, na tafsiri yake ya Kiingereza nimekutumia pamoja nayo. Nimetaka isomwe pia na ndugu zangu Waswahili waliotapakaa Maryland, Virginia, Minnesota, Texas na kwingineko, ambao wakipiga simu kama niliyopiga mimi husikilizwa, na ambao wengi wao hawaamini ninapowaeleza kwamba raia anayeishi katika mji mkuu wa nchi hii hana seneta hata mmoja. Siwashangai. Nilipokuwa msichana kule Tanga, marehemu baba alikuwa akiweka redio dirishani jioni, tukasikiliza Sauti ya Amerika kwa Kiswahili kutoka Washington, na mengi tuliyoyasikia yalihusu uchaguzi, haki ya kura na serikali inayotokana na wananchi. Haikunipitia akilini kwamba watu wa mji ule ule uliokuwa ukitangaza hayo walikuwa wananyimwa kile walichokuwa wakitutangazia.

Mkazi wa Nairobi anachagua gavana wake, seneta wake na mbunge wa eneo lake, na mji wake una viti 17 vya ubunge wa majimbo. Mkazi wa Dodoma ana mbunge wake. Hakuna aliyewaambia kwamba kukaa karibu na Ikulu kunawapunguzia uraia. Sisi wa Washington, ambao sensa ya mwaka 2020 ilituhesabu watu 689,545, tukiwa wengi kuliko watu wa Wyoming na kuliko watu wa Vermont, tuna mjumbe mmoja katika Baraza la Wawakilishi ambaye anaruhusiwa kuzungumza na kukaa kwenye kamati, lakini muswada unapofikia kura ya mwisho ya Baraza hana kura. Eleanor Holmes Norton aliingia katika nafasi hiyo mwaka 1991, akaitumikia kwa miongo mitatu na zaidi, na hata siku Baraza lilipopigia kura muswada wake mwenyewe wa kutufanya jimbo, yeye hakuwa na kura ya kuupigia. Katika Seneti, Mheshimiwa, hatuna hata huyo wa kuzungumza. Kwetu husemwa asiyekuwepo na lake halipo, nami nimeyaona maana yake kwa macho yangu katika mji huu.

Naomba nikupeleke mahali pamoja. Karibu na kwangu inapita Eastern Avenue, ambayo upande mmoja ni Washington na upande wa pili ni Maryland. Jirani na barabara hiyo lipo jiwe la mpaka, moja kati ya yale yaliyosimikwa mwaka 1791 na 1792 na wapimaji walioukata mji huu kutoka ardhi ya Maryland na Virginia. Ni jiwe dogo, limekwanguka, halifiki kiunoni, na limezungushiwa uzio wa vyuma kama kaburi la mtoto. Mdogo wangu anaishi ng'ambo ya pili, katika mji wa Takoma Park. Tunakwenda soko moja, tunasali pamoja, na kodi ya serikali kuu inakatwa kwenye mishahara yetu kwa kanuni moja ile ile. Yeye ana maseneta wawili na mbunge mwenye kura. Mimi sina, na kinachotutenganisha ni lile jiwe.

Zaidi ya hapo, mji wa Takoma Park unawaruhusu hata wasio raia kupiga kura katika uchaguzi wa serikali yao ya mtaa tangu miaka ya tisini mwanzoni, na mdogo wangu alimchagua meya wake akiwa bado na kadi ya kijani, yaani kibali cha ukaazi, kabla ya kuwa raia. Bunge halikuwaingilia. Baraza la jiji letu lilipopitisha sheria ya namna hiyo hiyo mwaka 2022, Baraza la Wawakilishi lilipiga kura ya kuifuta, na wengi wa waliosimama kutukemea wametoka majimbo ya mbali na hapa. Sheria ile haikufutwa mwishowe, lakini sijasahau sauti zao.

Najua utaniambia kwamba tunajitawala, kwa kuwa Rais Nixon alitia saini Sheria ya Utawala wa Ndani mwezi Desemba 1973, na tangu Januari 1975 tunaye meya tuliyemchagua wenyewe. Ni kweli, na wazee ninaowahudumia bado wanaikumbuka siku ile, kwani kwa takriban miaka 100 kabla yake, tangu mwaka 1874, mji huu ulikuwa ukiendeshwa na watu walioteuliwa. Lakini sheria tunazozitunga zinapelekwa kwenu kwanza, zikakae siku 30 za vikao vya Bunge, na zile za makosa ya jinai siku 60, ndipo zianze kazi. Bajeti yetu mnaishika ninyi, majaji wetu wanateuliwa na rais, na makosa mengi ya watu wazima yanashtakiwa na mwanasheria ambaye hatukumchagua na hatuwezi kumwondoa. Hata watu wanaokuja kufanya kazi kwetu kutoka Maryland na Virginia kila asubuhi, wakatumia barabara zetu na zimamoto wetu, tumekatazwa kutoza kodi kwenye mapato yao.

Kuna jambo moja ambalo nikilikumbuka nashindwa kuendelea na sauti ya upole. Kuanzia mwaka 1998 hadi 2007, Bunge liliukataza mji huu kutumia fedha zake wenyewe, nasema fedha za kodi zetu za jiji, kuwapa sindano safi watu waliotawaliwa na dawa za kulevya, wakati UKIMWI ulikuwa ukitumaliza. Miji mingine ilikuwa huru kuamua. Ilipofika mwaka 2009, idara yetu ya afya ilitangaza kwamba karibu watu 3 katika kila 100 kuanzia umri wa vijana walikuwa wakiishi na virusi, kiwango ambacho sisi tuliotoka Afrika tulikitambua mara moja. Sisemi maambukizi yote yalitokana na katazo lile, kwa sababu ugonjwa una njia nyingi. Ninasema kwamba waliopiga kura ya kukataza hawakuwa na hata mgonjwa mmoja wa kwetu ambaye angeweza kuwauliza siku ya uchaguzi.

Tena mwezi Machi 2020, janga la korona lilipoingia, Bunge liliyapa majimbo yote si chini ya dola bilioni 1.25 kila moja. Sisi, ambao siku zote tulikuwa tukihesabiwa pamoja na majimbo katika misaada ya namna hiyo, mara ile tuliwekwa na maeneo ya Marekani ya ng'ambo yasiyo majimbo, tukapata kama milioni 500. Tofauti ililipwa mwaka uliofuata. Mimi nilikuwa nikiingia nyumba za wazee wakati huo nikiwa na barakoa moja kwa wiki.

Kisha ikaja Agosti 11, 2025. Rais alitangaza hali ya dharura ya uhalifu, akalichukua jeshi la polisi la mji wetu kwa siku 30 kwa kutumia kifungu kilichomo ndani ya sheria ile ile ya 1973, na akaleta askari wa Kikosi cha Ulinzi wa Taifa. Uhalifu upo, Mheshimiwa, mimi ninayerudi nyumbani saa nne za usiku siwezi kuukana. Lakini asubuhi moja nilipofika kituo cha treni na kuwakuta vijana wenye sare na bunduki wamesimama kwenye mashine za tiketi, niliwasalimia, wakaitikia vizuri, na nikafikiri jambo ambalo halijaniacha: magavana wa West Virginia, Ohio na South Carolina walikuwa na mamlaka ya kutuma askari wao mjini kwangu, na meya niliyempigia kura hakuwa na mamlaka ya kusema hapana. Ndivyo ilivyokuwa pia Januari 6, 2021, ila kwa upande wa pili: Bunge lilipovamiwa na meya akataka askari waje haraka kuwaokoa ninyi, hakuweza kuwaamuru, kwa kuwa kikosi cha Washington hakimtii yeye.

Nakiri kwamba Seneti imewahi kututendea haki. Mwaka 1978 theluthi mbili ya maseneta, wa vyama vyote viwili, walipitisha marekebisho ya Katiba ya kutupa maseneta na wabunge kamili, ingawa ni majimbo 16 tu yaliyoyaridhia na yakafa mwaka 1985. Machi 2025, bajeti ya serikali kuu ilipotuminya zaidi ya dola bilioni moja tulizokwisha kuzipanga, fedha zetu wenyewe, Seneti ilipitisha marekebisho usiku ule ule bila pingamizi, nayo yakakwama katika Baraza la Wawakilishi. Kwa hiyo siandiki nikidhani kwamba hamjui. Mnajua.

Ni kwa nini basi? Ninahisi tu, kwa kuwa hakuna anayetujibu. Nadhani ni kwa sababu zaidi ya asilimia 90 yetu tunapigia kura chama kisicho chako, na maseneta wawili wapya wangekusumbua katika hesabu zako. Nadhani pia, na hili nalisema kwa uzito, kwamba kwa miongo mingi mji huu ulikuwa na Wamarekani weusi walio wengi, na mazoea ya kuwaona kama watu wa kusimamiwa hayajaisha. Kama nimekosea, nirekebishe hadharani kwa kutaja sababu nyingine.

Wapo wanaosema Katiba inakataza. Katiba inasema eneo la serikali lisizidi maili kumi kwa kumi. Haisemi lisipungue, na mwaka 1846 Bunge liliirudishia Virginia sehemu yake bila Katiba kubomoka. Muswada unaacha eneo dogo la serikali lenye Ikulu, Bunge, Mahakama ya Juu na makumbusho ya katikati ya mji, na nyumba zetu ndizo zinazokuwa jimbo. Wengine wanasema turudi Maryland, lakini hakuna aliyeiuliza Maryland, na sisi tulipoulizwa kwa kura mwaka 2016, takriban 86 katika kila 100 tulisema tunataka jimbo letu.

Baraza la Wawakilishi liliupitisha muswada huo mwaka 2020 na tena mwaka 2021. Seneti haijaupigia kura hata mara moja. Kiongozi wa wengi ndiye anayeamua kipi kiletwe mbele ya maseneta, na kiongozi huyo ni wewe. Sikuombi uupende. Sikuombi hata uupigie kura ya ndiyo. Naomba uulete, maseneta wote 100 waitwe kwa majina, mmoja mmoja, na kila mmoja aseme kwa kinywa chake kama mimi na majirani zangu tunastahili au hatustahili. Ukiuleta ukashindwa, nitajua nani kanikatalia. Ulete, Mheshimiwa.

Nanyi ndugu zangu mlioko kwenye majimbo, nawasihi mpige simu. Mtaulizwa namba ya posta, na ya kwenu itapokelewa.

Wako kwa heshima,

Mkazi na mlipa kodi,
Takoma, Wadi ya 4,
Washington