Kipimo cha fangasi kikisoma juu, ulizeni gozi kwanza

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Mimi ni nesi wa wodi ya mahututi, nahudumia majeruhi, na kuna jambo linanichosha, ndugu wa mgonjwa wanapiga picha karatasi ya majibu ya maabara wanairusha kwenye grupu la familia, namba iko juu basi watu washaanza kulia, eti damu imejaa fangasi.

Ile namba ni ya beta-glukani jamani. Ni kitu kinachokaa kwenye ukuta wa seli za fangasi wengi, na kwa kipimo kinachotumika sana, chini ya pikogramu 60 kwa mililita hakuna kitu, 80 kwenda juu wanasema ipo, hapo katikati hata maabara hawakupi jibu la moja kwa moja. Sasa majeruhi aliyepasuliwa tumbo likajazwa gozi, vile vitambaa vya pamba vya hospitali, kuzuia damu, akapewa alibumini, ile protini ya damu ya kutundikwa, figo zikagoma akawekwa kwenye mashine ya kusafisha damu, huyo namba inaweza kupaa bila fangasi hata mmoja, maana gozi ni pamba na pamba ni mmea, glukani za jamii hiyo zimo humo zinachuja taratibu kuingia kwenye damu.

Sisemi kipimo hakina maana. Mimi nakiamini zaidi kikisoma chini, hapo kandida, fangasi anayewasumbua sana wagonjwa mahututi, unaweza kuiweka pembeni kwa kiasi kikubwa, ila fangasi wengine kama kriptokoka na wale wa mukori hakiwanasi vizuri, glukani yao ni kidogo. Na kikisoma juu mara mbili mfululizo, homa haishuki, utumbo ulitoboka na mgonjwa ana mpira kwenye mshipa mkubwa, hapo hatukai kusubiri kalcha, yaani kuotesha vijidudu maabara, maana kalcha ya damu nayo inakosa karibu nusu ya kandida iliyozama mwilini. Lakini kumpa tu dawa kwa sababu ya namba moja hapana, zipo zinazoumiza figo na figo zenyewe za majeruhi ndo hizo.

Kuna mmoja tulimtoa gozi tano tumboni, kesho yake kipimo kikasoma 210, ndugu wakanizonga koridoni mbona hamumpi dawa. Homa hana, presha imetulia, daktari akasema tupime tena. Baada ya siku tatu 96, halafu 41. Ile picha ya 210 bado inazunguka kwenye grupu lao.

Nesi, wodi ya mahututi